Ishirini na Moja Mara Mbili

Watu wengi hutimiza miaka ishirini na moja mara moja tu, tena bila hata kujua. Mimi nilitimiza mara mbili, na mara zote mbili nyumba nzima ilikuwa inahesabu siku kwa vidole. Si kwamba nilipendwa sana. Baba alikuwa Marekani, sisi tulikuwa Lituhi, kando ya ziwa, mkoani Ruvuma, na serikali ya kule ilikuwa na sheria moja isiyojua mzaha: mtoto humfuata mzazi wake akiwa hajaoa wala kuolewa, na akiwa hajafikisha ishirini na moja siku anapoingia. Akifikisha, hata kwa siku moja, si mtoto tena. Anatolewa kwenye faili la mama yake na kuhamishiwa foleni ya wakubwa, na nilisikia kwamba humo watu huota mvi.

Baba aliondoka mdogo wetu wa mwisho akiwa bado tumboni. Kanisa lilimpeleka kusomea uuguzi, mwaka mmoja ukazaa mwingine, akapata kazi ya kuhudumia wazee, kisha akapata karatasi za kukaa. Alipozipata tu akatuombea sisi: mama, mimi, na wadogo zangu wawili wa kiume. Baada ya hapo ikawa ni kusubiri. Watu walimwita mama yangu "Mama Marekani", naye aliitika bila kukunja uso, beseni la muhogo likiwa kichwani na matope ya shamba yakiwa yamemfika magotini.

Mimi sikukaa bure. Zilikuwa enzi za ruksa, kila mwenye mtaji wa kuku wawili alikuwa mfanyabiashara, na mitumba ilikuwa imeshuka mpaka ufukweni kwetu. Nilikuwa na cherehani ya bibi mzaa baba, nikapunguza nguo za watu. Koti la mzungu mmoja lilinitolea kaptula mbili za shule na mfuko wa daftari. Nilikuwa nikijiambia kwamba watu wa kule lazima wana mikono mirefu ajabu, na kwamba siku nitakayofika sitakosa kazi.

Barua iliyotuvuruga ilikuja mwezi wa nne, nikiwa na miaka kumi na minane na ushee. Baba aliandika kwamba foleni yetu inakaribia, sasa zinatakiwa karatasi. Akaorodhesha tarehe za kuzaliwa kama alivyozijaza yeye kwenye fomu, akasisitiza kwamba vyeti vifanane nazo, kwa kuwa watu wale hawapendi tarehe mbili kwa mtoto mmoja. Sisi vyeti vya kuzaliwa hatukuwa navyo. Ufukweni kwetu mtu alikuwa na kadi ya ubatizo, na wilayani Mbinga walikuandikia cheti kwa kutazama kadi hiyo.

Mama akatoa bati lake la biskuti, akanipa kadi tatu. Za wadogo zangu zilikubaliana na barua. Yangu haikukubaliana. Baba alikuwa ameandika Desemba, na mimi nilijua nilizaliwa Krismasi ikikaribia, maana bibi hakuchoka kunisimanga kwamba nilimkosesha kuimba kwaya. Kadi ilisema Agosti, tena Agosti ya miaka miwili kabla. Kwa kadi ile nilikuwa nimebakiza miezi minne tu nifikishe ishirini na moja.

"Mama, hii kadi ni ya nani?"

"Ni yako."

"Mama."

Akakaa kwenye kigoda. "Ni ya mwenzio," alisema. "Ila jina ni lako."

Nilikuwa najua kwamba kabla yangu alikuwapo msichana, na kwamba surua ilimchukua kabla hajafikisha miaka miwili. Nilijua pia kwamba nilipewa jina lake, kwa sababu kwetu jina la mtoto aliyetangulia haliachwi lipotee njiani. Ambacho sikujua ni kwamba pamoja na jina nilipewa na kadi. Mama aliona jina liko palepale, wazazi ni walewale, kadi bado nzima haijaliwa na mende. Ya nini kumsumbua katekista aandike nyingine?

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Mke mwenzangu," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, "umevaa mtumba hata wa umri."

Mimi sikucheka. Nilitaka kwenda Marekani kama mtu anavyotaka maji. Nilitaka kumwona baba, ambaye nilimkumbuka kwa kikohozi chake tu, na nilitaka kuwaona hao wenye mikono mirefu. Na sasa kipande cha karatasi kilikuwa kinanizeesha. Nilimwambia mama kwamba kesho yake tunakwenda Ngumbo, apende asipende, kwa sababu yeye alikwenda kujifungulia kwao Ngumbo, kwa mama yake, na kitabu cha ubatizo kilikuwa huko.

Kesho haikuwa kesho. Ilikuwa mwezi wa tano ndipo tulipopata boti ya injini ya mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka chumvi na sabuni kusini. Tulikaa juu ya magunia ya chumvi. Mama alivaa kitenge chake cha Pasaka na hakusema mengi, jambo ambalo nilipaswa kulitilia maanani, kwa kuwa mama yangu akiwa safarini huongea mpaka na mbuzi wa wenyewe.

Padri wa Ngumbo alikuwa kijana mpole mwenye kandambili. Alitupokea ofisini nyuma ya kanisa, akafungua kitabu ambacho mchwa walikuwa wameonja pembe zake, akatafuta, akakuta mstari mmoja wenye jina langu. Agosti. Akafunua mbele miaka miwili, mitatu, minne. Sikuwamo. Akaagiza katekista mstaafu aitwe.

Mzee alikuja amevaa koti la mtumba lenye vifungo vya shaba, mikono ya koti imemfunika vidole. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu," akaitikia huku akitafuta mkono wa kunipa.

"Mwalimu," Padri alimwambia, "mbona mtoto huyu hayumo?"

"Yumo." Mzee akaweka kidole juu ya mstari. "Huyu hapa."

"Huyu ni wa miaka miwili kabla yake."

"Jina lilelile, baba yuleyule, mama yuleyule. Siku ile tulikuwa na watoto arobaini wa kubatiza, Padri. Nilipoanza kuandika nikakuta jina lipo tayari. Nikasema, hapa kazi imekwisha fanyika. Ningeandika tena, askofu angekuja akasema naongeza hesabu."

"Lakini alibatizwa kweli?"

"Nilishika mshumaa mwenyewe. Alinipiga teke la kidevu." Akanigeukia. "Mpaka leo hujaniomba radhi."

Nikamwomba radhi. Padri naye akacheka, lakini kalamu hakuinua. Alieleza polepole, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu. Kumwandika mtoto wa pili angeweza, mashahidi wapo. Ila hawezi kuweka watu wawili wenye jina moja na wazazi walewale bila kuonyesha wa kwanza yuko wapi. Pembeni mwa kila mstari kulikuwa na nafasi ya waliofariki. Mbele ya jina letu nafasi ile ilikuwa tupu.

"Mama, mtoto wa kwanza alifariki lini?"

Mama aliweka kidole juu ya nafasi ile.

"Najua pako wazi," alisema. "Siku ya kuzika padri hakuwapo, na mwalimu hapa alikuwa Liuli. Baadaye nilikuja Ngumbo mara nyingi tu. Ningeweza kusema. Nikaona, kama hapajaandikwa, basi. Pawe mahali pamoja duniani ambapo hajafa."

Katekista alivua kofia, akasahau alikotaka kuiweka, akaishika tu. Na mimi, nasema ukweli, nilikasirika. Mimi niliyekuwa hai, ninayekula na kufua, sikuwa na hata mstari mmoja. Yeye aliyelala chini ya mawe alikuwa na mstari, kadi, na mama wa kumlinda. Nilimwonea wivu mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Kisha nikaona jinsi mama alivyobana pindo la kitenge katikati ya vidole, nikaona aibu, nikataka kumwambia twende zetu nyumbani.

Sikuwahi kusema. Mama alisimama, akatoka, akateremka mpaka ziwani. Tulimwona kupitia dirishani akinawa uso, mara ya kwanza, mara ya pili, kama anayejiandaa kwenda shamba. Aliporudi, kitenge kilikuwa kimelowa mpaka kifuani.

"Andika, Padri," alisema. "Ila andika polepole."

Padri aliandika polepole kweli. Mama alitaja mwezi, akataja siku ya juma, akataja hata kwamba asubuhi ile mvua ilikuwa imekatika. Vingine havikuwa na nafasi kitabuni, lakini Padri alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua ukurasa mpya, akaniandika mimi: Desemba. Katekista akatia sahihi kwa madaha, akauchovya mkono wa koti ndani ya wino.

Mchana ule nilikaa barazani kwake nikampunguzia ile mikono kwa sindano ya mkono, yeye akiwa ndani ya shuka akinisimulia mateke mengine aliyowahi kupigwa na wabatizwa. Mkewe alitupikia mbasa, samaki wa ziwa letu. Jioni mama alinipeleka kwenye kaburi la mwenzangu, tukang'oa majani, na akaanza kuongea. Aliongea mpaka Lituhi.

Mwezi wa saba tulipanda Mbinga kuapa kwa hakimu na kuchukua vyeti. Kwa lori mpaka Kitai, halafu Kigonsera, halafu kule juu kwenye baridi, ambako wadogo zangu walitetemeka na kudai kwamba sasa wameionja Marekani. Ulikuwa msimu wa kahawa. Wamatengo wa milimani walikuwa wameteremka na magunia, na wanunuzi binafsi, ambao miaka michache nyuma wangekamatwa, walikuwa wamesimamisha mizani zao barabarani wakiitana na wakulima kwa majina ya ukoo. Karani mmoja wa wanunuzi hao alimwazima mama kalamu mlangoni kwa hakimu, kisha akamwuliza kwa heshima zote kama binti yake ameposwa.

"Ameposwa," mama alisema.

"Na nani, mama?"

"Na visa."

Karani akacheka, lakini alibaki anatutazama mpaka tulipokunja kona. Mimi ndiye niliyegeuka nyuma, kwa hiyo najua.

Agosti ilipofika, kadi ikatimiza ishirini na moja. Nilidhani mama angeipisha siku kimya kimya. Badala yake alikaanga samaki, bibi akatengeneza togwa, na tukala kwa ajili ya mwenzangu. "Leo angekuwa mtu mzima," mama alisema, akamwekea bibi kipande cha mkia. Hakuwahi kuiadhimisha siku ile kabla. Tulishiba, tukaimba, na mimi nikalala nikiwa na miaka kumi na minane yangu halali, nikijiona tajiri wa muda: miaka miwili na zaidi ilikuwa mbele.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Miaka ile miwili ililiwa kidogo kidogo na vitu ambavyo ukivitaja mtu anadhani unatania. Fomu ya kwanza ilirudi kwa sababu mama alitia sahihi mahali pa baba, akiona ni haki yake kama mke. Picha nazo zilirudi. Watu wale walitaka picha ya uso uliogeuzwa kidogo, sikio la kulia lionekane. Mpiga picha wa Mbinga aliyasoma maelekezo, akayakataa. Alisema picha ya sikio moja ni ya wezi, na kwamba yeye hawezi kuwaaibisha watu wa Ruvuma mbele ya mabalozi. Akatupiga sisi wanne uso kwa uso, masikio yote manane yakiwa wazi. Zikaenda, zikakaa, zikarudi, na kufikia hapo msimu mzima wa kahawa ulikuwa umepita. Mara ya pili mama alimshika mpiga picha kichwa, akakigeuza yeye mwenyewe, akamwambia, "Hivi. Umeona? Hakuna aliyekufa."

Safari hizo za Mbinga sikuzichukia. Karani wa kahawa alikuwapo mara zote, na kalamu yake.

Barua ya usaili ilifika mapema Desemba ya mwaka wa tatu. Tuliitwa ubalozini Nairobi. Mdogo wangu mkubwa ndiye aliyeisoma kwa sauti, uani, bibi akiwa anapepeta. Alipofika kwenye tarehe alisita, akaisoma tena, akanitazama. Ilikuwa siku kumi na tisa baada ya mimi kutimiza ishirini na moja. Safari hii ya kweli, ya Desemba, iliyoandikwa kwa wino wa Padri.

Tulimpelekea baba simu ya maandishi kutoka posta. Akajibu kwa maneno machache kwamba ameomba wairudishe nyuma tarehe, wamekataa. Najua jinsi alivyoona uchungu, kwa sababu barua iliyofuata ilikuwa na mistari mingi aliyoikata.

Mama alitangaza kwamba hakuna anayekwenda popote. Alisema hivyo akiwa anasonga ugali, kwa hiyo alisema kwa nguvu. Na hapo hasira zangu, ambazo wadogo zangu wanazijua, zilipanda. Nilimwuliza anataka tufanyeje, tukae hapa mpaka huyu naye aliyebakiza miaka miwili afikishe ishirini na moja, kisha tumsubiri yule wa miaka kumi na minne, halafu sote wanne tuwe watu wazima kwa pamoja tukianika dagaa wa usipa? Nilimwambia baba ana mke, si picha. Nilimwambia mengine ambayo siyaandiki. Nilikuwa nalia huku nikimfokea, na nilitaka sana anishinde kwenye ugomvi ule.

Bibi ndiye aliyeumaliza. "Heri nusu shari kuliko shari kamili," alisema, akaweka ungo chini. "Mwache mke mwenzangu kwangu. Cherehani iko hapa."

Basi wakaenda Nairobi kwenye usaili, wakapewa visa, kisha wakaondoka. Mimi niliandikishwa foleni ya wakubwa, ambayo nayo haitaki walioolewa, na mwaka uliofuata niliolewa na karani wa kahawa, nikafutwa na huko pia. Sijutii. Mama husema kwenye simu kwamba nilimwacha mchumba mmoja nikamchukua mwingine.

Siku ya kuondoka niliwasindikiza mpaka Songea. Stendi ilikuwa imejaa tope la Februari. Wadogo zangu walikuwa wamevaa suti nilizowashonea kutoka makoti ya robota la mitumba, wakawa wanakwenda Marekani ndani ya nguo zilizotoka huko, nikawaambia wasizivue njiani hata joto likiwazidi, maana nilitaka baba azione. Nilitania sana asubuhi ile. Niliwatania kuhusu ndege, kuhusu vyoo vya ndege, kuhusu baba kutomtambua mtoto ambaye hajawahi kumwona. Nilikuwa nimeapa kwamba sitalia, na nilikuwa nafanya vizuri.

Mama alisimama mlangoni mwa basi, mfuko wa usipa mkavu mkononi. Mwanamke aliyekuwa akiuza chapati hapo chini alimtazama, akawatazama wavulana, akanitazama mimi niliyekuwa sina mzigo.

"Safari njema, mama. Watoto wote unakwenda nao?"

Mama alipanda ngazi moja, akageuka.

"Nina wanne," alisema. "Wawili naondoka nao. Wawili wanabaki huku, na wanatunzana."

Akaingia ndani. Mimi nililia palepale, kwa sauti, katikati ya stendi, mbele ya wapiga debe. Muuza chapati alinifungia chapati moja kwenye gazeti, akakataa kupokea chochote, akanishika bega mpaka basi lilipotoka. Ilikuwa bado ya moto, nikaila yote nikiwa nimesimama, huku nikipunga mkono wa pili.